Shemeji Alivyokwenda Kufungua Mirathi Mahakama ya Mbali

Jamani, natoka kununua uzi, nakuta fundi kapiga magoti mlangoni kwangu anang'oa kitasa...

Nyuma yake kasimama shemeji, mdogo wake marehemu mume wangu. Ukoo mzima tunamwita Spika, kwa kupenda kuongea.

"Shemeji, kuna nini?"

"Toa cherehani zako. Nyumba inauzwa."

"Anauza nani?"

"Mimi. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, mahakama imeshanipa."

Mahakama ipi? Ya huko walikozaliwa, safari ya kutwa nzima! Mume wangu ameishi hapa, ameugulia hapa, amefia mikononi mwangu hapa hapa. Kumbe matanga hayajapoa, mtu kaenda kule kimya kimya kuapa kwamba kaka yake alikuwa mkazi wa kule.

Nikamwacha fundi na kitasa chake, nikakimbilia ofisi ya msaada wa kisheria.

Wakili wa msaada wa kisheria akaniambia, "Mama, mirathi hufunguliwa pale marehemu alipokuwa na makazi yake ya mwisho. Nenda kaweke pingamizi kwenye mahakama hiyo hiyo."

Nikaenda. Ndugu zao wamejaa mabenchi, wote wamekuja kuapa kwamba marehemu aliishi kwao. Shahidi wangu mimi ni mimi mwenyewe. Nilijua nikishindwa, wanangu wanalala nje.

Spika akapewa nafasi. Angesema tu "aliishi kwetu" akakaa, ningekwisha. Lakini huyu ana kinyongo na mimi tangu siku ya harusi.

"Mheshimiwa hakimu, huyu mwanamke ni katili. Kamng'ang'ania kaka yetu huko mjini tangu waoane. Hata mama yetu tulipomzika hakumruhusu kuja. Kaka kafia huko huko bila kukanyaga kwetu..."

Shangazi yao akafumba macho.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo marehemu alikuwa anaishi wapi?"

Spika akageukia mabenchi ya ndugu zake. Hakimu akaendelea:

"Mahakama hii haikuwa na mamlaka. Usimamizi wako umefutwa. Mirathi ikafunguliwe alikokuwa anaishi."

Ule wa mazishi ya mama mkwe ulikuwa uongo mtupu, mume wangu siku ile alikuwa amelazwa. Uliniuma sana. Lakini nilimwacha amalize, maana uongo wake huo huo ndio ulikuwa unanitetea.

Wajane wenzangu, mtu akikutolea karatasi ya mahakama, usianze kufunga mizigo. Uliza ni mahakama ya wapi, na marehemu aliishi wapi.

Na wewe Spika, najua unasoma hapa. Nimeshafungua shauri mahakama ya huku kwetu, na wito wako uko njiani. Njoo, shemeji. Njoo uongee tena.