Kizimba cha Tisa

Shoga yangu mmoja hutunza panya wa maabara, wale waliozimwa jeni ya kusikia kabla hawajazaliwa. Ni viziwi kabisa, ndiyo maana alizoea kupiga nao soga katika chumba chao cha giza, hata kuwatajia akina nani zamu yao ya kupasuliwa imefika.

Juzi umeme ulikatika, feni zikanyamaza. Akanong'ona kwa mazoea, "Kizimba cha tisa, poleni wanangu. Ni leo."

Mikwaruzo ikakoma chumba kizima. Akawasha tochi ya simu. Panya wa kizimba cha tisa walikuwa wamejibanza kwenye kona moja.

"Dada, walete basi!" mtafiti akaita kutoka nje.

Angefanyaje? Akakinyanyua. Mlangoni akanong'ona, "Nisameheni."

Nyuma yake, vizimba vyote vikakwaruzwa kwa pamoja, mara moja tu.