Bibi Apiga Hodi

Nakijwa ana miaka sita. Anaishi na Bibi yake milimani, Upareni, kwenye nyumba yenye mlango wa kijani.

Zamani Bibi alikuwa na sauti kubwa. Nakijwa akienda bombani kuchota maji, Bibi alisimama mlangoni na kuita, "Nakijwaaaaa!"

Sauti ilishuka migombani, ikavuka njia, ikafika bombani.

"Abee, Bibi!" Nakijwa aliitika, akarudi nyumbani mbio.

Halafu sauti ikaanza kupungua.

Bibi alikuwa mpishi wa shule. Miaka mingi alipika uji kwa kuni, kwenye jiko lililojaa moshi. Watoto walishiba uji. Kifua cha Bibi kilishiba moshi.

Sasa kifua kililia. Hiii, hiii. Hiii, hiii.

Sauti ya Bibi ikaishia migombani. Kisha ikaishia uani. Kisha ikaishia mlangoni.

"Naki..." Bibi aliita. Pumzi ikakatika. Jina halikumalizika.

Nakijwa alimletea maji. Hiii, hiii.

Alimpepea kwa ungo. Hiii, hiii.

Alimsugua mgongo kwa mikono yake midogo. Hiii, hiii.

Nakijwa alikata tamaa. Alikwenda nyuma ya nyumba, akalia peke yake.

Na dawa ilikuwepo! Nesi Mbonea wa zahanati alimpa Bibi pampu, dawa ya kuvuta kwa mdomo. "Asubuhi na jioni, Bibi," alisema. "Kila siku."

Sasa sikilizeni alichofanya Bibi. Bibi huyu, jamani!

Bibi alikuwa na sanduku. Humo aliweka vitu vizuri vyote. Kanga mpya ambazo hajazivaa hata mara moja. Vikombe vya maua vya wageni. Pampu nayo akaiviringisha kwenye leso, akaitia humo humo.

Akafunga sanduku kwa ufunguo, kwaa! Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

"Bibi, vuta dawa," Nakijwa alimwomba.

"Kitu kizuri hakitumiwi ovyo, mjukuu wangu. Hiyo naitunzia siku mbaya."

Hiii, hiii. Hiii, hiii.

Asubuhi moja, siku mbaya ikaja.

Bibi alikaa kwenye kiti, ameinama. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Hakuweza kusema. Alishika pindo la kanga tu.

Nakijwa alivuta fundo kwa vidole. Wapi! Fundo limekaza. Akaling'ata kwa meno. Likafunguka.

Ufunguo. Sanduku. Leso. Pampu! Bibi akavuta dawa.

Hiii, hiii. Hiii, hiii. Kifua hakikunyamaza.

"Bibi, si ndiyo siku mbaya hii? Mbona dawa haifanyi kazi?" Nakijwa alilia kwa nguvu. Alidhani Bibi anakufa.

Jirani yao, Baba Kisaka, akasikia kilio. Akaja mbio, akambeba Bibi mgongoni mpaka zahanati.

Nesi Mbonea alimpa Bibi dawa nyingine, ya haraka. Nakijwa alingoja kwenye benchi. Alipewa andazi. Akalishika tu mkononi.

Jua lilipopinduka, Bibi akafumbua macho. Alikuwa amechoka sana.

Nesi akaipokea pampu kwa Nakijwa, akaitazama namba ya nyuma, inayohesabu dawa iliyobaki. "Bibi, jamani! Tangu nikupe, umevuta mara moja tu?"

"Nilikuwa naitunza," Bibi alinong'ona.

"Siku mbaya ikishafika, hii haiwezi kuifukuza. Hii inaizuia isije. Ndiyo maana unaivuta kila siku, hata siku unajisikia mzima."

"Kifua kitapona, Nesi?" Nakijwa aliuliza.

Nesi akamshika bega. "Hakitakuwa kipya tena, mwanangu. Lakini kinaweza kupata nafuu."

Nakijwa aliinamisha kichwa. Jibu hilo lilimuuma.

Walirudi nyumbani. Na Bibi akafanya nini? Akachukua leso, akaanza kuiviringisha pampu!

"Bibi!"

"Ah! Nimezoea, mjukuu wangu. Vitu vizuri ni vya wageni."

Nakijwa akafikiri. Akafungua sanduku, akatoa kikombe cha maua. Akakiweka mezani, na pampu ndani yake.

"Basi Bibi, toka nje upige hodi."

Bibi akatoka, polepole. Ko, ko, ko. "Hodi?"

"Karibu, mgeni! Karibu kiti. Karibu dawa."

Bibi akacheka kidogo. Mgeni akikaribishwa hakatai. Si Bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha Nakijwa adabu hiyo?

Wakafanya kama Nesi alivyowaonyesha kule zahanati.

Tikisa, cha cha cha. Toa pumzi, fuuu. Bonyeza, vuta polepole. Shika pumzi.

Nakijwa akahesabu vidole vyote kumi. Kisha Bibi akasukutua, gulu gulu, akatema. Pu!

Asubuhi, hodi. Jioni, hodi. Cha cha cha. Fuuu.

Wiki ikapita. Hiii, hiii. Wiki nyingine ikapita. Hiii, hiii. Nakijwa alitaka kulia tena. Hata hivyo aliweka kikombe mezani.

Siku moja Bibi akasema, "Leo sijambo kabisa. Tuiache."

Nakijwa akanyoosha kidole mlangoni. Bibi akanung'unika, akatoka, akapiga hodi. Mbishi huyo!

Kidogo kidogo, sauti ikafika uani. Siku nyingine ikafika migombani. Siku nyingine ikakatika tena palepale mlangoni, na Nakijwa akalala na huzuni.

Halafu, jioni moja, Nakijwa alikuwa bombani. Maji yalikuwa yanaingia ndooni, chururu, chururu.

"Nakijwaaaaa!"

Jina lilikuwa zima. Lilishuka migombani, likavuka njia, likafika.

"Abee, Bibi!"

Nakijwa akakimbia. Maji yakamwagika yote. Wala hakujali.

Bibi alikuwa amesimama nje ya mlango wa kijani, mkono kiunoni.

"Hodi, hodi! Jioni imefika, mgeni nimesimama mpaka miguu inauma. Hapa hakuna mwenyeji?"

Nakijwa akamkumbatia kwa nguvu. Akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza.

"Karibu ndani, Bibi," akasema.