Mshumaa Haukuzimika

Kila Jumamosi Nyangi alipeleka uji kwenye duara la baba yake, shimo la dhahabu nje kidogo ya kijiji cha Matongo. Alikuwa kidato cha pili, na njiani alirudia masomo ya wiki kwa sauti hadi waendesha bodaboda wakamcheka.

Jumamosi moja alimkuta baba yake, Nyangwine, na baba yake mdogo, Machage, wamechoshwa na maji ya mvua yaliyojaa shimoni. Walikuwa wameteremsha pampu ya petroli ndani kabisa. Ilinguruma tangu asubuhi, kisha ikanyamaza.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Weka uji, narudi sasa hivi."

Machage aliteremsha mshumaa kwa kamba, kama walivyopima hewa siku zote. Uliwaka vizuri. Akajifunga kamba, akashuka kuangalia pampu.

Nyangi alisita. Alhamisi Mwalimu Kauthar aliwafundisha kuwa kaboni ikishirikiana elektroni na atomu mbili za oksijeni, inakuwa gesi inayozima moto. Injini ikikosa hewa ya kutosha, kaboni ya petroli hupata atomu moja tu ya oksijeni. Kaboni na oksijeni hiyo moja hushikana kwa nguvu sana, lakini molekuli zenyewe hazivutani sana, kwa hiyo hubaki gesi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo ni sumu, na huua mtu huku mshumaa ukiendelea kuwaka.

"Baba, mshumaa hauonyeshi sumu ya pampu," alisema kwa sauti ndogo.

"Mshumaa huu umetulinda tangu kabla hujazaliwa."

Nyangi akarudi kwenye uji wake. Aliona aibu kubishana na mkubwa.

Kamba ikalegea. Waliita, Machage hakujibu; walipovuta kamba, ilikwama. Nyangwine akashika ngazi ashuke. Nyangi akamng'ang'ania miguu.

"Ukishuka tutazika wawili!"

Baba alimsukuma akaanguka, lakini Nyangi akamrudia tena akilia, mpaka majirani wakaleta mashine ya kupuliza hewa. Machage alitolewa amekufa.

Siku tatu baba hakumsemesha. Baada ya mazishi aliwaita wachimbaji wote, akamweka Nyangi karibu yake.

"Mwanangu alisema, nikamdharau. Aliponishika miguu nilimchukia, na ndiye aliyeniacha hai. Kuanzia leo pampu inakaa nje, na hewa inapulizwa kabla mtu hajashuka." Akamgeukia. "Nawe, ukijua jambo la hatari, lipigie kelele. Hata ukinivunjia heshima nitakusamehe. Machage siwezi kumwomba msamaha tena."