Mkopo wa Kaka na Mashine ya Kahawa

Je, umewahi kumwogopa ndugu yako wa tumbo moja? Prudensia, jirani yangu hapa Nyakatuntu, alimwogopa kaka yake Mwesiga, aishiye Ulaya. Si kwamba Mwesiga ni mkali. Ila kwetu kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, hurithiwa na wanaume. Binti aliyetoka kwa mume akarudi kwao, kama Prudensia, hukaa kama mgeni. Prudensia aliogopa kuambiwa aondoke.

Pale kibanjani yeye na Mwesiga walifungua kampuni ya kukoboa kahawa, nusu kwa nusu. Mtaji ulikuwa mdogo. Mwesiga alipotaka kuongeza fedha za mashine kubwa, Prudensia alikataa zisiingie kama hisa.

"Andika mkopo, kaka. Nitakulipa na riba."

Moyoni alisema: mdai akilipwa huenda zake, mwenye hisa haendi.

Asubuhi moja Prudensia alikuwa anamenya ndizi. Akaja Shadya, mhasibu mpya wa kampuni, kutoka Kayanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso umekukunjamana?"

"Ofisi ya kodi imekagua hesabu za mwaka jana. Kodi imepanda."

Kisu kilimponyoka. "Mawe, mama yangu! Riba ninayomlipa Mwesiga si matumizi? Si inatolewa kwanza, halafu kodi inapigwa kwenye faida inayobaki?"

"Inatolewa, lakini ina kikomo. Robo ya kampuni au zaidi ikiwa ya mtu anayeishi nje ya nchi, sheria inapima mkopo na mtaji." Shadya alipanga ndizi kumi juu ya jani. "Tatu zikiwa mtaji, saba zinaweza kuwa mkopo, na riba yake yote itatolewa. Ninyi mna mtaji ndizi moja, mkopo tisa. Kwa hiyo moja mnaruhusiwa mbili na kipande tu. Riba ya zilizozidi haitolewi. Inahesabiwa kama faida, inatozwa kodi."

"Watachukua mashine?"

"Tutaomba kulipa kwa awamu. Ila mwakani yatajirudia. Mwombe Mwesiga ndizi mbili za mkopo ziwe hisa. Mtakuwa tatu kwa saba."

"Hisa zake zizidi zangu? Ndipo atanifukuza!"

"Mama, unaogopa kodi au unamwogopa kaka?"

Prudensia aliokota kisu, akamenya ndizi ileile iliyokwisha kumenywa.

Jioni alipiga simu. Mwesiga alikubali papo hapo. Hilo likamtisha zaidi.

"Amekubali upesi mno," aliniambia. "Ana lake huyo."

"Labda anakupenda," nikasema.

"We bibi, acha utani!"

Hisa zikasajiliwa. Kodi ya nyuma ikalipwa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Mwaka uliofuata riba yote ilitolewa, kodi ikashuka, mashine ikaendelea kunguruma. Prudensia tu ndiye hakutulia.

Krismasi Mwesiga alikuja. Alizunguka kibanja, akisimama kwenye kila mpaka. Prudensia alimfuata nyuma. Walipofika kwenye kaburi la baba yao, kaka aligeuka.

"Dada, mbona unaninyemelea kama polisi? Umeniandikia mkopo, umeniandikia hisa. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Prudensia alishika mgomba.

"Sitaki kuwa mgeni hapa, kaka. Nataka jina langu liandikwe kwenye kibanja cha tata, baba yetu, pamoja na lako."