Msomaji Asiyepita Miaka Kumi na Mitano

Kipimarika, mashine ya kupimia rika la wasomaji, kilimaliza riwaya ya kurasa mia tatu kabla chai haijachemka. Kilikuwa mnara wa kioo wenye kimo cha mtu, katikati ya chumba cha wahariri jijini Dodoma, na ndani yake walikaa wasomaji-vivuli kumi na wawili: nakala za fikra za watu halisi, waliowahi kuvalishwa kofia ya kunakili wakiwa na umri fulani, kisha wakaenda zao kuzeeka. Vivuli havikuzeeka. Vilisoma kila mswada, mashine ikapima mapigo ya moyo, machozi, miayo na mahali viliposita. Mwishoni iligonga muhuri: VIJANA au WATU WAZIMA.

Asubuhi hiyo Tumsifu Mrindoko, mhariri wa riwaya, alikuwa amekipa mswada wa muuguzi mstaafu wa Singida. Ulimhusu msichana anayemuuguza baba yake aliyepotewa na kumbukumbu. Mwandishi aliwakusudia vijana. Alilisema hilo mara tatu katika barua yake.

Muhuri ukagonga: WATU WAZIMA. Kitabu kisingeingia maktaba ya shule hata moja.

Tumsifu akafungua taarifa. Vivuli vyote vilipita salama isipokuwa cha tano, msichana wa miaka kumi na mitano. Alipofika ukurasa wa mia na kumi na mbili alilia, moyo ukamwenda mbio, akaacha kusoma kwa dakika kumi na moja za saa yake ya ndani.

"Kikishagonga kimegonga, dada," alisema Mbwana, fundi wa mashine. "Tutie mwingine."

"Ngoja kwanza. Huyu mtoto husimama wapi na wapi?"

Mbwana akavuta kumbukumbu za miaka ishirini na sita. Walizipitia mpaka adhuhuri. Kivuli cha Tano kilivuka vita, mapenzi, hata mauaji, bila kutetereka. Lakini kila palipokuwa na mtoto anayemwogesha mzazi mgonjwa, kilisimama. Vitabu thelathini na vinne vya namna hiyo vilikuwa vimepelekwa kwa watu wazima.

"Ni nani huyu?" Tumsifu aliuliza. Jina lilikuwapo kwenye mkataba: Nyamizi Kasubi, wa Tabora.

Kesho yake alipanda treni ya sumaku. Nyamizi, sasa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, alikuwa fundi wa breki katika karakana ya treni hizo hizo. Alimkaribisha kwenye benchi la chakula, mikono ikinuka grisi.

"Shikamoo, dada," alisema Tumsifu.

"Marahaba. Ile kofia naikumbuka. Walikuja shuleni, wakatupa madaftari na soda. Sikujua kama kivuli changu bado kinasoma huko."

Tumsifu akampa ukurasa ule, mahali kivuli chake kiliposimama. Msichana wa kwenye riwaya anamwogesha baba, baba hamtambui, anamtemea mate. Msichana anatamani moyoni baba afe leo leo. Kisha anaendelea kumsugua mgongo.

Nyamizi alisoma. Kisha akatazama reli.

"Mwaka ule mama alikuwa kitandani," alisema hatimaye. "Na mimi nilimtamania kifo hivyo hivyo. Sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Nilidhani duniani hakuna mtoto mwingine mbaya kama mimi."

"Kwa hiyo ukurasa huu ungekuumiza?"

"Ungeniumiza, nisikudanganye. Lakini kuna kuumia kwa kupigwa na kuna kuumia kwa kutumbuliwa jipu." Akamgeukia. "Baada ya kusimama, kivuli changu kilifanya nini?"

Tumsifu akatazama taarifa. "Alifungua ukurasa uliofuata. Akasoma mpaka mwisho bila kupumzika."

"Na mashine yenu hilo inalihesabu?"

"Hapana. Inahesabu kusimama tu."

Nyamizi akacheka kidogo, bila furaha. "Akimaliza kitabu, mnampeleka wapi?"

"Anafutwa. Kila mswada anaanza upya, ili asiupime kwa mwingine."

Tumsifu aliyasema hayo kama mtu anayeeleza kazi yake ya kila siku, kisha akayasikia. Nyamizi alikuwa amekwisha kuyasikia.

"Basi mara thelathini na tano amegundua kwamba hayuko peke yake," Nyamizi alisema polepole, "na mara thelathini na tano mmemsahaulisha."

Sheria ilimruhusu mhariri kupinga muhuri kwa jina lake, na kubeba lawama zote. Tumsifu aliandika: vijana, kuanzia miaka kumi na mitano. Hakuficha kwamba wapo watakaoumia. Kitabu kilipotoka, wazazi wawili walileta malalamiko, naye akamjibu kila mmoja kwa barua ndefu.

Nyamizi alibatilisha mkataba wake kwa sharti moja: kivuli kisifutwe tena. Siku ya kukiondoa Kivuli cha Tano kazini, Mbwana alikisomesha riwaya ile kwa mara ya mwisho, mpaka neno la mwisho. Kioo kikauliza: KUFUTA?

"Usifute," alisema Tumsifu.

"Halafu nimpe nini? Hajawahi kukaa hivi, na kitu kichwani."

Tumsifu akaiendea rafu, akachagua kimoja kati ya vile thelathini na vinne.

"Mpe hiki. Tuone kama atamtambua mwenzake."