Jumapili ya Kwao

Walikutana kwenye kibanda cha fundi simu, ndani ya kituo cha treni, saa ambayo watu wanatoka makazini na kila mtu anamsukuma mwenzake. Fundi, kwa haraka zake, akawabadilishia simu. Binti mmoja, mpima macho, hajafika hata nje, simu ikaita mkononi mwake.

"Mwanangu, Jumapili utakuja?" mama wa watu akauliza. "Baba yako hasemi, lakini kutwa anaangalia mlango."

Akarudi mbio. Mwenye simu alikuwa dereva wa winchi ya kujengea maghorofa, kijana mrefu mwenye ovaroli ya rangi ya chungwa. Akamkabidhi simu pamoja na salamu za mama. Kijana akacheka, kisha akanyamaza, na binti akaupenda ule ukimya kabla hajampenda mwenyewe.

Wakapendana. Kijana alimwita binti "macho yangu", naye akaitwa "wa juu", kwa kuwa kazi yake ilikuwa mawinguni. Lakini kila Jumapili wa juu alikwenda kwao peke yake, shati jeupe limenyooka, akarudi mnyonge kama aliyenyeshewa. Akiombwa wafuatane, hakukosa kisingizio. Mwisho binti akamwambia kama anamwonea haya, basi kila mtu ashike njia yake. Simu zikakatika.

Kijana alipopiga tena, alisema yote. Kwao ni Wamormoni tangu enzi za babu. Yeye alitoka kanisani bila ugomvi. Imani ilimwishia, na hakutaka kudanganya. Hawakumfukuza. Ila kila sala ya chakula ilimtaja, na mama alilia jikoni akidhani hasikiki. Aliogopa watasema kapotoshwa na mwanamke.

"Ulitoka hata hujanijua," binti akasema.

"Huzuni haiulizi tarehe, macho yangu."

"Basi Jumapili tunakwenda wote. Wakinuna, watununie wawili."

Binti akaenda na gauni la kijani, moyo juu juu. Meza ilijaa: wajomba, shangazi, mawifi. Baba akaomba, akamtaja mwanawe kama kawaida. Binti akamshika mkono chini ya meza. Ndipo mama akatoka jikoni na birika, harufu ikimtangulia, na watu wakaacha kutafuna.

Ilikuwa chai. Wamormoni hawanywi chai, na katika nyumba ile haikuwahi kuchemka, hata kwa ajili ya mgeni. Mama akamimina vikombe viwili, cha mwanawe na cha binti.

"Mimi siinywi, na sitainywa," akasema. "Hata kuipika sijui. Lakini nimechoka kumwona mwanangu anakaa kwangu kama mpita njia."

Baba alimtazama mkewe kama ndiyo kwanza anamwona. Kisha, taratibu, akasogeza bakuli la sukari mbele ya mwanawe.

Kijana alizoea kuliona jiji zima chini ya miguu yake, lakini kitu kikubwa kama kile hakuwahi kukiona. Akainywa chai ile, nyeusi tii, chungu kama shubiri hata baada ya sukari, hadi tone la mwisho, machozi yakimtoka wala asiyafute.

"Huyu nataka kumuoa," akasema. "Namuuliza mbele yenu."

Binti akamgeukia mama.

"Nimekubali, mama. Ila chai nitakuwa napika mimi."

Baba ndiye aliyeanza kucheka.