Tundu Chini ya Tuta

Iddi Pili ya mwaka juzi tuliila shamba, kwa mama mdogo wangu Sihaba na mumewe Mahmoud. Wenyewe ni watu wa Bagamoyo mjini, wana duka la vifaa vya ujenzi, lakini shamba lao liko Mkange, ukiifuata njia ya Saadani. Huko Mahmoud alikuwa ametengeneza bwawa. Si la kunyweshea ng'ombe wala la kumwagilia mboga. La starehe tu. Aliziba bonde dogo kwa tuta la udongo, maji yakajaa nyuma yake, akapandikiza perege, akanunua viboti vya kupigia kasia, akajenga banda la makuti ukingoni.

Mahmoud alilipenda bwawa. Aliyelitunza ni mama mdogo. Fundi aliyelijenga alimweleza mambo machache naye akayashika: mti usiachwe ukaota juu ya tuta, maana mizizi ikioza inaacha njia za maji, mashimo ya kenge yafukiwe, na kila baada ya mvua mtu ashuke upande wa pili, ule mkavu, atazame chini kabisa kama pamelowa. "Maji yakivuja meupe, yachunge," fundi alimwambia. "Yakivuja na udongo, usichunge tena. Ondoa watu bondeni."

Bondeni kulikuwa na watu. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Tabia, mwanamke wa Kikwere aliyelima mpunga pale na wanawe, na chini yake zilifuata nyingine.

Ilikuwa masika, mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa mfululizo. Kwenye ncha ya tuta kuna mchirizi mpana wa kupitishia maji yakizidi. Asubuhi ile Mahmoud aliuziba kwa viroba vya mchanga, ili maji yapande mpaka kwenye ngazi za banda, wageni wayakute yamependeza.

"Na yakizidi yapite wapi, Mahmoud?" mama mdogo alimuuliza, mbele yetu.

"Leo tu, Sihaba. Wageni wakiondoka navitoa."

Baada ya pilau, wanaume walijinyoosha kwenye mikeka, watoto wakaingia kwenye viboti. Muziki ulikuwa juu na jenereta linanguruma. Mama mdogo aliiacha simu yake inachajiwa, akasema anakwenda mara moja kutazama tuta. Hakuna aliyemwangalia akienda. Hata mimi sikumwangalia. Haya yanayofuata alinisimulia mwenyewe.

Alishuka upande mkavu akishika nyasi. Chini kabisa, mahali alipopita wiki ile na kupakuta pazima, alikuta tundu. Duara, upana wa bakuli la uji. Maji yalitoka humo taratibu, meupe kabisa. Alidhani ni kenge. Akapiga goti, kisha akalala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa, akaingiza mkono wa kulia apime kina. Kiwiko kikaingia. Bega likagusa udongo.

Ndani, mkono mwingine ukamshika.

Haukumshika kwa nguvu. Ulimshika kifundoni, kama mtu anavyomshika mgonjwa. Vidole vilikuwa vya moto kidogo.

Alipiga kelele. Upande wa pili wa tuta muziki uliendelea. Alivuta. Mkono haukukaza wala haukulegea. Akakanyaga tuta kwa miguu yote miwili, akavuta kwa uzito wake wote, na hapo akaona maji yaliyotoka kando ya bega lake yamebadilika. Yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Akaacha kuvuta. Maji yakawa meupe.

Akavuta tena, kidogo tu. Udongo ukatoka.

Akalala kimya, shavu kwenye matope, akielewa. Akijinasua, tuta linakwenda, nalo linakwenda na nyumba za bondeni. Asipojinasua, maji ya juu yanazidi kupanda, na njia yake imezibwa. Mawingu yalikuwa yamekwisha kujifunga upande wa bahari. Matone ya kwanza yalimwangukia shingoni.

Ndipo kile kilichokuwa ndani kikaanza kazi.

Kilimkunjua vidole. Kikammiminia maji kiganjani, maji ya uvuguvugu, si yale ya bwawa. Kikasugua taratibu, katikati ya kidole na kidole, kikapanda mpaka kwenye kiwiko, kikarudia. Mama mdogo ameosha maiti za wanawake wengi pale mtaani kwake. Aliujua mwendo ule. Mikono yake mwenyewe huenda hivyohivyo.

Harufu ya kafuri ya maiti ikatoka tunduni.

Alianza kusoma kila aya aliyoikumbuka. Mvua ikakaza. Maji yalimpita kwapani, yakamwingia kifuani. Akahisi kitu chembamba, cha baridi, kikipita kwenye ncha ya kidole gumba. Kich. Kisha cha pili. Kich.

"Niache," alinong'ona.

Sauti ilimjibu kutoka ndani ya udongo, karibu na sikio lake. Ya mwanamke. Ya upole.

"Tulia, mwanangu. Bado kidogo."

Hajui alikaa hivyo kwa muda gani. Tabia ndiye aliyemkuta, alipopanda kutoka mpungani akiikimbia mvua.

"Shikamoo, Bi Sihaba. Mbona umelala kwenye maji?"

"Marahaba. Tabia, usipige kelele. Nimenaswa."

 Tabia alimkumbatia kiunoni akavuta. Tope likafoka usoni mwao wote wawili.

"Acha! Acha, Tabia! Watoto wako wapi?"

"Ndani."

"Watoe. Wapandishe mlimani, na majirani wote. Halafu mkimbilie Mahmoud, mwambie avunje viroba. Asije hapa kwanza. Avunje viroba."

Tabia alikuwa ameinama, sikio lake karibu na tundu. Mama mdogo aliuona uso wake ukibadilika. Alichokisikia hajakisema mpaka leo. Aliinuka na kukimbia, hakuchukua hata kandambili zake.

Mama mdogo akabaki peke yake. Tuta lilikuwa linatetemeka. Lilitetemeka kidogo tu, kama tumbo la mnyama aliyelala. Hakuvuta. Alifumba macho. Ndani, mkono wake uliendelea kuoshwa.

Sisi bandani tulimwona Tabia akitokea mvuani peku, amejaa matope, akimwita Mahmoud kwa jina bila salamu. Watoto wake na majirani alikuwa amekwisha kuwatoa. Mahmoud alipoelewa alikimbia na kanzu yake ya Iddi, nasi nyuma yake. Tulivirusha viroba kwa mikono. Maji yaliposhika mchirizi yaling'oa vilivyobaki, yakaenda kwa mngurumo mpaka kwenye korongo la pembeni, mbali na nyumba.

Chini ya tuta, mtetemo ukaisha. Maji ya tunduni yakapungua, yakawa uzi. Mama mdogo akahisi kitambaa kikavu kikimpangusa kiganja. Kisha vidole vikamwachia, taratibu, kimoja kimoja.

Mimi na Mahmoud ndio tuliomwinua. Alikuwa ametapakaa tope kuanzia nywele mpaka nyayo, isipokuwa mkono ule. Ulikuwa mweupe, msafi, umejikunja ngozi, unanukia kafuri. Kucha zilikuwa zimekatwa sawasawa mpaka kwenye nyama. Mkono wa kushoto ulikuwa na hina nyeusi ya Iddi mpaka kwenye kifundo. Wa kulia haukuwa na alama ya hina hata moja.

 Mahmoud alivua kilemba chake, akaufunika.

Kiangazi kilipofika alilikausha bwawa, akaleta mashine, wakalichimba tuta pale penye tundu. Halikuwa na mfupa, wala pango, wala kitambaa. Tundu liliingia urefu wa mkono wa mtu mzima, likaishia kwenye udongo mgumu ulioshindiliwa siku ya kwanza, haujaguswa. Fundi alilijenga tuta upya, akaupanua mchirizi na kuutandika mawe. Viroba haviwekwi tena. Watoto wa Tabia wanalala nyumbani kwao.

Mama mdogo bado hushuka kulikagua tuta kila baada ya mvua, ila hainami. Nakaa naye baadhi ya Ijumaa asubuhi, akitoka kuoga, akikata kucha. Hukata za mkono wa kushoto tu. Za mkono wa kulia hazijaota tangu siku ile.